Nilimshukuru Mungu kwa bati za wizi (uzi mrefu, kwa wapendwa na wasio wapendwa)

#1 mleta mada

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa wakuu wengine wote humu jukwaani.

Asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Miaka sita iliyopita nilifanya ibada ya shukrani nyumbani kwangu, Chanika. Nilikuwa nimemaliza kupaua. Nikaita jumuiya, mchungaji na kwaya ya vijana wa usharika wetu wa Kilutheri, mbuzi wawili wakaanguka, pilau sufuria tatu. Nikatanguliza bahasha ya sadaka ya shukrani, 200,000. Mchungaji akaombea nyumba chumba kwa chumba, mama watoto akalia, na mimi nikalia.

Sasa sikieni. Wakati huo nilikuwa mtu wa manunuzi kwenye kampuni ndogo ya ujenzi. Wanaoijua kazi hiyo wameshajua ninakoelekea. Nondo ya 22,000 inaandikwa 24,500. Mwenye duka anakukatia risiti unayoitaka wewe, chenji mnagawana. Saruji vivyo hivyo, misumari vivyo hivyo, mpaka nauli ya kirikuu. Hakuna aliyekuwa akiita wizi. Kilikuwa "cha juu". Na zile bati zilizokuwa zinaombewa ndizo zilikuwa cha juu chenyewe.

Jioni ile bibi yangu akapiga simu kutoka Karagwe. Bibi ni mlokole wa zamani, wa wale wa Uamsho. Hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Aliuliza hivi: "Hizo bati zina amani?"

Nikamjibu zina amani bibi. Akasema haya, Tukutendereza, yaani tunakusifu kwa Kiganda. Akakata.

Kwa vijana wasioujua Uamsho, nieleze kidogo. Septemba 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa na hospitali ya misheni kule Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, maana njaa kubwa ilikuwa imetoka kupita Rwanda. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akitembea peku na kuhubiri. Wakakaa na Biblia zao siku kadhaa, wakitafuta wamepungukiwa nini. Church akarudi Gahini. Miaka iliyofuata moto ukawaka pale hospitalini kwa akina Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya, Kongo na kwetu Kagera. Waganda wakawaita Balokole, yaani waliookoka. Lilikuwa jina la kejeli, wao wakalivaa.

Kibwagizo chao, Tukutendereza Yesu, mnakijua hata msiokwenda kanisani. Mkikisikiliza vizuri kina mambo mawili tu: damu yako imeniosha, na asante Mwokozi. Nimekiimba tangu mtoto na sikuwahi kujiuliza kwa nini hayo mawili yamekaa pamoja.

Wale wazee walipookoka jambo la kwanza halikuwa kununua Biblia kubwa. Walikwenda "kutengeneza". Aliyeiba jembe alirudisha jembe. Aliyekuwa na kinyongo alifunga safari. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, Uganda, na aliwahi kufundisha sekondari Dodoma, husimuliwa alivyopanda baiskeli karibu maili 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu aliyekuwa akimchukia. Mzungu mwenyewe hakuwa na habari kwamba anachukiwa!

Babu yangu naye alikuwa na lake. Alikuwa mtu wa butura. Watu wa Kagera wanaijua: mwenzako ana shida kahawa ingali mtini, unampa vijisenti, msimu ukifika unachuma wewe. Alipookoka butura ikaanza kumwasha. Nitarudi kwake kama uzi utafika mbali.

Sasa mimi. Nililala chini ya zile bati miezi minne. Mvua ikinyesha nasikia "zina amani? zina amani?" Mtanicheka, lakini bati za Chanika mvua ya masika zinasema. Mwisho nikachukua daftari nikahesabu cha juu cha miaka miwili, kile nilichokikumbuka. Ikaja 3,450,000. Nikaenda kwa mzee mwenye kampuni, nikafunga mlango, nikamwambia.

Hakunipigia polisi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Nani mwingine?" Nikamwambia mzee, nimekuja na la kwangu. Akanitoa manunuzi siku hiyohiyo, akanipeleka saiti kuhesabu tofali. Kila mwezi akawa ananikata 150,000. Miezi 23.

Nilichojifunza ni hiki, na ndiyo sababu ya uzi. Cha juu changu hakikuanza na tamaa. Kilianza na manung'uniko. Mzee anaendesha gari kubwa, mimi napigana vikumbo kwenye daladala. Mshahara huu ni wa mtu huu? Nikinung'unika asubuhi, mchana mkono unakuwa mwepesi. Ndiyo maana nadhani uchafu na manung'uniko ni ugonjwa mmoja, na usafi na shukrani ni dawa moja, ila sisi tumevitenganisha. Usafi tumeuacha kwa mabinti wa kwaya na urefu wa sketi zao. Shukrani tumeifanya pilau.

Nakaribisha michango. Matusi pia yatapita, nimeshazoea.

#2 jiranimwema

Naweka kambi hapa.

#3 mzeewasaiti

Mkuu, mimi nipo kwenye ujenzi mwaka wa 19. Ulichoandika ni kweli tupu, ila umeacha kipande. Mwajiri naye anajua. Mshahara anaupanga mdogo akijua utajazia mwenyewe. Ukimwambia nipandishie anacheka, "Si uko manunuzi wewe?" Usafi wa hivyo mnamtwisha mnyonge peke yake. Tajiri anayechelewesha mishahara miezi mitatu halafu anatoa tofali elfu mbili kwenye harambee ya kanisa, huyo bati zake zina amani?

#4 mleta mada

Hazina, mzee wangu. Na umenigusa kwa sababu Yakobo 5:4 inasema waziwazi kwamba ujira uliozuiliwa wa wale waliovuna unapiga kelele, na kelele zinafika kwa Bwana. Kwa hiyo hata malori ya tofali za harambee yanaweza kuwa yanapiga kelele barabara nzima, ila kwaya inaimba kwa sauti hatusikii.

Lakini siwezi kumtubia yeye. Hapo ndipo nilipokwama miezi minne, nikitubu dhambi za bosi wangu.

#5 mkewafundi

Shemeji samahani, mbona husemi mkeo alipitia nini? Miezi 23 bila 150,000 ni ya nani? Wanaume mkiokoka mnaokoka na sufuria zetu.

#6 mleta mada

Dada hapo umenishika. Siku ile nimerudi namweleza alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Ulinijengea nyumba, sasa unanijengea njaa." Hakuniongelesha karibu wiki. Mtoto wa kwanza tulimtoa shule ya inglishi midiamu tukampeleka shule ya serikali, ada ilikuwa haiwezekani tena. Friza likauzwa, na lilikuwa la biashara yake ya barafu.

Kosa langu ni kwamba nilikwenda kwa mzee kabla ya kukaa na mke wangu. Nilitaka kuwa msafi haraka, kama mtu anayekimbilia bafuni peke yake familia nzima ina matope. Nikirudishwa nyuma, ningeanza na yeye.

#7 mkatoliki wa kawaida

Tumsifu Yesu Kristo.

Nichangie kutoka upande wetu. Watu wanadhani kitubio ni kwenda kunong'ona halafu umemaliza. Siyo. Ukiungama wizi padre atakuambia urudishe, hiyo ni sehemu ya malipizi, na asiyekusudia kurudisha anajidanganya kwenye kiti cha maungamo. Tofauti na ya wenzetu wa Uamsho ni siri: padre hawezi kutoa ulichomwambia hata kwa mtutu wa bunduki.

Halafu hilo la usafi na shukrani kukaa pamoja, hata Misa imepangwa hivyo. Tunaanza kwa kukiri mbele ya Mungu na ndugu kwamba tumekosa, ndipo tunaelekea Ekaristi, na Ekaristi kwa Kigiriki ni shukrani. Hatuanzi na shukrani. Nimesali miaka 40 na leo ndiyo nimeuona huo mpangilio, kwa sababu ya bati za Mlutheri. Asante.

#8 mtuwapwani

Assalaam alaykum. Mimi si wa imani yenu lakini mada imenivuta. Na kwetu wanazuoni wanafundisha hivyohivyo: toba ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Kosa likiwa limegusa haki ya mja, linaongezeka sharti la kumrudishia mwenyewe. Swala na saumu hazilipi deni la watu.

Huyo mzee wako aliyekukata taratibu miezi 23 badala ya kukufunga, huyo ni mtu.

#9 mleta mada

Waalaykum salaam. Huyo mzee ni Mwislamu, mtu wa Tanga. Sikutaja mwanzoni nikaogopa mada itahama.

#10 sinaimaniiii

Hadithi nzuri, ila Uamsho mnausifia sana. Walokole walikuwa wambea waliobarikiwa. Mama yangu alikulia huko. Mtu anasimama kwenye mkutano anaungama kwamba alizini na fulani, na fulani yupo pale pale na mumewe. Ndoa ngapi zilivunjika kwa "kutembea nuruni", yaani huko kuungama mbele za watu? Na ukikaa bila kuungama kitu wiki mbili, ndugu wanakuja kwako kukuuliza kwa nini umepoa. Huo ni upolisi.

#11 mleta mada

Kweli, na bibi mwenyewe anakiri. Hata viongozi wa makanisa wakati ule walitaabika nao. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, baada ya kugombana na uongozi kuhusu kuamka alfajiri kusali na kuhubiri, na kuuambia uongozi kwamba chuoni kuna wizi na uzinzi. Ukisoma upande mmoja ni mashujaa. Ukijiweka kwenye kiti cha mkuu wa chuo unawaona vijana wakaidi wanaokufundisha dini saa kumi usiku.

Bibi aliniambia kanuni waliyoifikia baada ya kuumizana: ungama chako, usiungame cha mwenzako. Na uungame mahali ulipokosea, siyo mahali penye makofi. Ndiyo maana mzee aliponiuliza "nani mwingine" nikanyamaza.

#12 mzeewasaiti

Hapo ndipo sikubaliani na wewe. Umenyamaza, wenzako wakaendelea kumwibia. Huo usafi wako umemsaidia nani? Na yule mwenye duka la risiti za kuchonga je?

#13 mleta mada

Yule mwenye duka nilimwendea. Nikamwambia sitachukua tena na nimeshasema kwa mzee la kwangu. Akaniambia nimechanganyikiwa. Wenzangu wawili niliwaambia hivyohivyo, ana kwa ana, nikawapa wiki. Mmoja aliacha kazi kimya kimya. Wa pili yupo mpaka leo, hatusalimiani. Kama hilo lilitosha, mzee wangu, naomba nikuache uamue. Mimi bado sina uhakika.

#14 mtuwamto

Mimi naandika kutoka Ngara, mpakani. Nimesoma mmeitaja Gahini kwa furaha. Mwaka 1994 nilikuwa mtoto, nimeona kwa macho yangu maiti zikishuka na mto Kagera. Rwanda ndiyo kitovu cha huo Uamsho. Wale waliokuwa wakiimba wameoshwa kwa damu walikuwa wapi? Watu waliuawa ndani ya makanisa, Nyamata, Ntarama. Nitajieni usafi gani huo.

#15 mkatoliki wa kawaida

Makanisa hayo mawili ni yetu. Sina la kusema zaidi ya kuinamisha kichwa.

#16 mleta mada

Mkuu wa Ngara, nimekaa na swali lako tangu jana ndipo nimejibu.

Najua habari ya mchungaji wa Kianglikana, Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho. Alikuwa akiwahudumia wakimbizi wa Kitutsi palepale Nyamata, na Januari 1964 askari walimchukua usiku wakamuua. Miaka 30 kabla ya 1994, mahali palepale. Kwa hiyo wapo walioimba na wakalipa. Kenya pia wakati wa Mau Mau, ndugu wa Uamsho walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki za serikali, wakachinjwa wengine.

Lakini hilo halijibu swali lako. Wengi waliimba na hawakulipa. Nikijitazama mimi naelewa kidogo jinsi inavyowezekana: niliimba chini ya bati za wizi na sauti yangu haikutetemeka. Kinywa kinaweza kushukuru mkono ukiwa mahali pengine kabisa. Kwangu ilikuwa nondo. Kwingine ilikuwa panga. Sisemi ni sawa, Mungu apishe mbali. Nasema nimeacha kuamini wimbo, wangu kwanza.

#17 mtuwamto

Afadhali hukunihubiria.

#18 kijanawachuo

Bro mbona hamgusi usafi wetu vijana? Mimi sina nondo wala saruji. Mimi nina simu. Saa sita usiku nikiwa peke yangu nafungua vitu vichafu, halafu Jumapili naongoza sifa mbele za watu kana kwamba sivijui. Nimetubu mara hamsini.

#19 mleta mada

Mdogo wangu, siko juu yako, kwa hiyo nasema kama mwenzako. Umetubu mara hamsini kwa nani? Kama ni kwa Mungu tu, usiku, chini ya shuka lilelile, gizani palepale, basi 1 Yohana 1:7 hujaijaribu bado. Pale panasema tukienenda nuruni tunashirikiana sisi kwa sisi, na damu inatusafisha. Wazee waliushika sana huo mstari kwa sababu ya hilo neno "sisi kwa sisi". Tafuta mtu mmoja mzima, asiye mropokaji, mwambie. Usisimame kwenye kipaza sauti. Simu iache ichaji sebuleni, ununue saa ya mezani ya kukuamsha. Najua inaonekana ndogo.

Na usingoje uwe msafi ndipo ushukuru. Wale wakoma kumi wa Luka 17 walitakasika wote, aliyerudi kushukuru ni Msamaria mmoja. Tisa walikuwa wasafi vilevile, ila walipita moja kwa moja. Nadhani hao tisa ndio wanaojaza makanisa yetu, na nimekaa nao benchi moja miaka mingi.

#20 kijanawachuo

Nimeshampata wa kumwambia. Naogopa balaa. Nitaleta mrejesho.

#21 anayechekacheka

Nilikuja kucheka, sasa nimekumbuka nina deni la 18,000 kwa Mangi wa mtaa niliohama mwaka juzi. Uzi wa hovyo huu.

#22 mkewafundi

Nenda kalipe, usitutanie.

#23 anayechekacheka

Nimekwenda leo. Mangi alinisahau, daftari halijanisahau. Kumbe ni 21,500. Nimelipa, akanipa soda ya bure, nikanywa nasikia aibu. Sijui kama hii ndiyo furaha ya wokovu, lakini leo nimepita mbele ya lile duka mara mbili bila sababu.

#24 mamalishe2

Nina swali la kweli, sitaki utani. Mimi niliuza kiwanja cha marehemu dada yangu, nikawapa watoto wake sehemu ndogo nikawaambia ndiyo yote. Mmoja wa watoto naye alishafariki, mwingine yuko Afrika Kusini hapatikani. Narudisha kwa nani? Kila nikienda mbele kutoa shukrani mwisho wa mwaka miguu inakuwa mizito.

#25 mleta mada

Dada, pole. Biblia imeligusa hilo, Hesabu 5 kuanzia mstari wa tano: aliyemdhulumu mtu aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake, na mwenye haki akiwa hayupo, apewe ndugu yake wa karibu. Asipopatikana ndugu, ndipo inakwenda kwa Bwana, kwa kuhani. Angalia mpangilio huo. Kanisa ni la mwisho, tumezoea kuliweka la kwanza kwa sababu kanisa halitaulizia ilikotoka.

Basi nikupe habari ya babu niliyoahidi. Kati ya watu aliowafanyia butura, mmoja alikuwa amefariki, mkewe amerudi kwao, na mtoto wa kiume alikwenda Mwanza, hajulikani alipo. Babu akawafuata wengine wote, akamaliza. Huyu akabaki. Watu wa ushirika wakamwambia toa hiyo sehemu kanisani, Mungu ataelewa. Akakataa. Akasema Mungu anaelewa, ila kahawa ni ya kijana.

Kila msimu akawa anachuma mibuni yake mwenyewe kiasi cha kile alichochukua kwa butura, anaanika, anaweka gunia pembeni. Gunia la kwanza likaliwa na panya, akaweka jingine. Misimu saba. Bibi anasema walikuwa wanakosa chumvi ndani na gunia la mtu limesimama pale mlangoni, na babu kila akipita analigonga kidogo kwa fimbo akisema asante Yesu, bado lipo.

Mwaka wa nane kijana akaja kuzika ndugu. Babu akamkabidhi. Kijana alilitazama gunia, akamtazama babu, akauliza, "Mzee, hii kahawa nitaibeba na nini mpaka Mwanza?" Ikabidi babu amsaidie kuiuza, na kwa kuwa bei ilikuwa mbaya mwaka ule, wakabishana kutwa nzima nani alipie nauli ya lori.